Mkuu, Upo?

Baba alipoanguka bafuni, kikao cha asubuhi, cha mtandaoni, kilikuwa katikati, na zamu ya kutoa ripoti ilikuwa ya binti yake.

Kazini walimwita Sikio, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza. Kampuni ilimtumia sauti za mikutano, mashauri na mahojiano ya watu asiowajua, naye akazigeuza maandishi neno kwa neno, mpaka kikohozi. Meza yake ilikaa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na mlango wa chumba cha baba, na mlango ule haukufungwa hata siku moja. Baba mtu, dereva wa lori mstaafu, alikuwa amepooza upande wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, na ulimi, japo uliyakokota maneno, haukupoteza utani wake wa barabarani.

Kishindo kilipotoka bafuni Sikio hakungoja ruhusa. Alipiga ukelele kwenye maiki: "Baba ameanguka!"

Na aliyekuwa anaongoza kikao, msimamizi wao, ambaye aliwaamuru wote wamwite Mkuu, akajibu kwa sauti ya mtu anayepuliza chai: "Akianguka ataamka. Maliza ripoti, Sikio, unatupotezea umakini."

Wawili watatu walicheka. Sikio aliwatambua kwa vicheko vyao, akawaweka rohoni, kisha akazitupa hedifoni mezani na kukimbia.

Alimkuta baba amelala kati ya ndoo na ukuta, mdomo umepasuka, ule mkono mmoja mzima ukihangaika kuufunika utupu wake. Mzee hakuomba kuinuliwa. Alisema, "Taulo kwanza, mwanangu. Usinitazame, lete taulo." Mtu aliyeendesha lori usiku na mchana ili huyu binti asome, leo anafumba macho kwa aibu mbele yake, na damu inamwingia kinywani. Sikio alileta taulo. Akamwita mama jirani, wakamnyanyua, wakamlaza.

Aliporudi mezani, kitone kilicho kando ya jina lake kwenye kompyuta kilikuwa chekundu, na chini yake Mkuu ameandika ili kila mtu asome: "Kwa Sikio ni kazini au ni zahanati? Umakini ni kukaa." Na kama haikutosha, juma lile lile barua ikaja kutoka ofisini. Mkuu amependekeza, na ofisi imekubali, kwamba ifikapo mwisho wa mwezi Sikio aache kufanyia kazi nyumbani, arudi kukaa ofisini kila siku, "kwa manufaa ya umakini wake".

Barua nzuri, ya adabu, yenye muhuri. Tafsiri yake ni kwamba mzee asiyeweza kunywa maji mpaka ainuliwe kichwa abaki peke yake ndani ya nyumba tangu alfajiri mpaka magharibi. Mama alishazikwa. Kaka yuko mbali, mwepesi wa kutuma salamu. Mama jirani ana genge lake la kuuza mboga. Hakuna mwingine. Aache kazi, wafe njaa; aende kazini, baba afe kiu. Hapo ndipo walipomfikisha, halafu wakamtakia siku njema.

Sasa huyo Mkuu tumjue. Kazi ilipohamia majumbani, ndiye aliyepewa kuhakikisha watu hawalali. Akawaitia semina ya umakini. Kaa mezani kwa viatu, si kwa ndala. Tazama ukuta, usitazame dirisha. Funga mlango. Familia yako iambie umesafiri. Maji unywe wakati wa mapumziko. Kisha akawawekea kile kitone kwenye kompyuta: ukigusa kinanda ni kijani, ukinyamaza kidogo kinageuka njano, ukizidi ni chekundu, na wekundu wote wanatajwa mbele ya wenzao. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha, waliyemwita Mama Pacha, alifikia kuweka mtoto mmoja titini na kidole kimoja kwenye herufi ya mwisho ya kinanda, anabonyeza tu, anabonyeza tu, ili kitone kisimsaliti. Kurasa na kurasa za herufi moja. Huo ndio uliitwa umakini.

Na Sikio kazi yake ilikuwa inakwenda, tena inakwenda vizuri kuliko ya wengi. Alikuwa na mtindo wake. Sikio moja alilitia hedifoni, jingine alimwachia baba. Sauti ngumu, za watu wanaogombana wote kwa pamoja, alizishika asubuhi mzee akiwa bado usingizini. Zile nyepesi akaziweka mchana, wakati wa kuinuka na kuketi. Alikuwa amewaambia majirani wote kwamba akifunga kitambaa chekundu mlangoni hapigi soga na mtu, hata aje na habari za mwisho wa dunia, nao waliheshimu. Aliinuka, akamgeuza mzee ubavu, akarudi, akalichukua neno pale pale alipoliachia. Lakini mtindo ule haukuwa na viatu wala ukuta, na kitone hakijui kusoma kazi, kinajua kuhesabu vidole.

Kanuni nyingine ya Mkuu ndiyo hii, na iangalie vizuri. Kwenye kikao, mtu akimaliza ripoti yake alipaswa aulize, "Mkuu, upo?" Naye Mkuu atajibu, "Nipo, endeleeni." Ndipo mwingine aanze. Alisema hiyo ni nidhamu ya kupokezana. Watu wazima, wenye watoto na mvi, kila asubuhi wanamuuliza mtu mmoja kama yupo.

Siku chache baada ya barua, Mkuu akaanza kufunga kamera yake. Eti bando linambana. Alifungua kikao kwa salamu, akafoka mawili matatu kuhusu wavivu, kisha ikabaki sauti tu. Mkuu, upo? Nipo, endeleeni. Mkuu, upo? Nipo, endeleeni. Sikio alikuwa ameshaizoea kama mtu anavyozoea mvua juu ya bati.

Asubuhi moja hedifoni ziliisha chaji, ikabidi aache sauti itoke wazi. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anatafuna mkate kwa upande mmoja wa mdomo.

"Huyo bwana," mzee akasema, "sufuria lake linaanguka kila siku?"

"Sufuria gani, baba?"

"Ngoja. Ngoja aulizwe."

Mtu akamaliza ripoti. Mkuu, upo? "Nipo, endeleeni." Na nyuma yake, kwa mbali: *kwaa!* Mfuniko wa sufuria umeanguka sakafuni, ukazunguka, ukatulia.

"Juzi ulipoacha wazi, vile vile," mzee akasema. "Nipo, endeleeni, kwaa! Ama mkewe ana mkono wa siagi, ama huyo bwana hayupo."

Sikio aliinamia kompyuta mpaka mwingine akauliza. Kwaa. Na mwingine. Kwaa, ukazunguka, ukatulia. Mtu huyu ameitegesha kompyuta. Ameifundisha lile swali la kumtukuza, ikilisikia inatoa sauti yake aliyoirekodi jikoni. Na bwana huyu anayetawala watu wa kunukuu hata kikohozi hakuhangaika kujisikiliza mwenyewe mara moja tu.

Zamu yake ikafika. Akafungua maiki.

"Ripoti yangu: jana sikufanya kazi. Nililala tangu asubuhi, nikaota ndoto nzuri. Mkuu, upo?"

"Nipo, endeleeni." Kwaa.

Kikao kizima kikaganda. Kisha aliyefuata akaanza ripoti yake kwa sauti ya mtu anayekanyaga miba. Simu ya Sikio ikatetemeka. Ni Mama Pacha.

"Wee! Umerukwa na akili?"

"Hayupo," Sikio akamwambia. "Hayupo, dada. Tunazungumza na sufuria."

Mama Pacha alicheka mpaka watoto wakaanza kulia. Lakini alipopata pumzi, maneno yake yalikuwa mengine. "Sasa shoga, tunyamaze. Tuule utamu huu polepole. Asiwepo miaka yote, sisi tupumue. Ukimfichua wataleta mwingine, tena mwenye macho."

"Hayupo, lakini barua yangu ipo. Mwisho wa mwezi upo. Baba yangu yupo."

"Najua, lakini..."

"Na siku ile ulicheka."

Mama Pacha akaanza kuwabembeleza watoto.

"Nilikusikia," Sikio akasema. "Kicheko chako kina kwikwi mwishoni. Baba yangu yuko chini anavuja damu, wewe unacheka."

"Nilicheka kwa woga, mwenzangu. Aliposema vile, niliona asipoona mtu anacheka atanigeukia mimi. Naapa kwa hawa watoto."

"Sijakuomba uape. Nakuomba mkono."

Akapewa mkono. Nataka ieleweke kwamba Sikio hakuwa mtu wa kusahau, na hakusahau hata hapo. Aliupokea mkono na kicheko akakiacha pale pale alipokiweka.

Mpango wenyewe ulikuwa wa kumvisha mtu kilemba cha ukoka. Mkurugenzi wa kampuni, mama mmoja aliyependa sherehe na kupigiwa makofi, hakuwa amewahi kukanyaga kwenye vikao vya asubuhi. Sikio akamwandikia, na Mama Pacha akatia jina lake chini: Mama yetu mpendwa, sisi wanukuzi tumeguswa sana na jinsi msimamizi wetu anavyokuwa nasi kila dakika. Tunaomba uje kikaoni bila yeye kujua, umsikie anavyotuongoza, ili tumpongeze mbele yako. Tafadhali ingia baada ya salamu, kamera imefungwa, ndipo mshangao uwe mtamu.

Kila neno la barua ile lilikuwa kweli, ukilisoma kwa jicho lingine.

Jibu likaja haraka: "Nimefurahi sana! Nitakuwepo."

Siku yenyewe Sikio alimwogesha baba mapema, akamvalisha shati la kola, akamsogeza karibu na meza.

"Tunakwenda wapi?" mzee akauliza.

"Leo unakuja kazini na mimi."

"Na viatu?"

"Viatu vaa ukitaka, baba. Mimi niko pekupeku."

Mkuu akafungua kikao. Alisalimu, akawataja wekundu wa jana, akamkumbusha Sikio mbele ya wote kwamba siku zake za kulea nyumbani zinahesabika. Sikio akajibu, "Asante, Mkuu." Kisha sauti ya Mkuu ikatoweka kama kawaida, na mtu wa kwanza akatoa ripoti.

"Mkuu, upo?"

"Nipo, endeleeni." Kwaa.

Sikio akashusha pumzi. Kwenye orodha ya majina likaongezeka moja jipya: Mgeni. Mama Pacha alikuwa amelifungulia mlango. Zamu ikafika.

"Mkuu," Sikio akaanza, "siku baba yangu alipoanguka, ulisema akianguka ataamka. Nimemleta hapa akusikie. Kama una ujasiri, rudia. Mkuu, upo?"

"Nipo, endeleeni." Kwaa.

"Nasema wewe ni mwongo, na ni mwoga, na unatufunga watu wazima kwenye viti kama mbuzi huku kiti chako hakina mtu. Mkuu, upo?"

"Nipo, endeleeni."

Mama Pacha akadakia. "Mkuu, mimi nimebonyeza herufi moja mpaka kidole kimeota sugu, mtoto yuko titini. Kitone kijani! Ulinisifu, unakumbuka? Mkuu, upo?"

"Nipo, endeleeni."

"Mkuu, nyumba yako inaungua!" akapaza sauti jamaa mmoja mpole ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kusema zaidi ya ripoti yake. "Moto huo umefika sebuleni! Mkuu, upo?"

"Nipo, endeleeni."

Hapo wote wakaangua kicheko, na safari hii Sikio hakuwa na haja ya kumtafuta aliyecheka. Baba mtu naye aliupiga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima. "Na mwambie sufuria aliokote!" akasema.

Ghafla sauti ya kike, nzito, ya mtu aliyezoea kunyamaziwa, ikakata vicheko.

"Msimamizi! Ni mimi, Mkurugenzi. Fungua kamera."

Kimya.

"Msimamizi, unanisikia? Nasema fungua kamera sasa hivi!"

Mahali fulani mtoto alipiga chafya.

"Mama," Sikio akasema kwa upole uliojaa sumu, "hivyo hajibu. Lazima umwite kama sisi tunavyomwita."

Watu zaidi ya ishirini wamekodoa macho kwenye jina Mgeni, wakisubiri. Na yule mama mkubwa, mwenye gari na dereva na zulia ofisini, akameza alichomeza, akasema kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyetumwa kwa jirani:

"Mkuu... upo?"

"Nipo, endeleeni." Kwaa. Mfuniko ukazunguka, ukatulia.

Hakuna aliyecheka. Kuna mambo ambayo utamu wake unamezwa kimya kimya.

"Asanteni," Mkurugenzi akasema. "Nimeelewa. Suala hili nitalishughulikia ofisini. Tufunge kikao."

"Bado," Sikio akasema. "Kuna barua ya kunirudisha ofisini. Inasema sina umakini. Nani ameipima hiyo, mama? Mtu, au sufuria?"

"Hilo tutaliangalia."

"Liangalie sasa."

"Binti, kuna taratibu..."

Mama Pacha akafungua kamera yake. Alikuwa kitandani, watoto wawili kifuani, nywele hazijachanwa. Yule jamaa mpole akafungua: jikoni, beseni la vyombo nyuma yake. Mwingine akafungua, yuko kwenye ngazi za nyumba kwa kuwa ndani hamna nafasi. Mmoja mmoja, wote, hakuna aliyekuwa ametazama ukuta. Nyuso zile ziliijaza skrini.

"Leo hatunukuu," akasema yule mpole. "Mpaka barua ifutwe, hatunukuu hata salamu."

Mkurugenzi alizitazama zile nyuso. Huyu mama hakuwa malaika, msije mkadanganyika. Aliijua kazi iliyokuwa inangojwa na mteja mchana ule, akajua nani ataifanya. "Imefutwa," akasema.

"Kwa maandishi, mama. Sisi ni watu wa maandishi."

Yakaja kabla kikao hakijafungwa. Sikio alimsomea baba kwa sauti, mstari kwa mstari, na mzee akamwomba arudie pale penye neno "nyumbani".

Mchana, chakula kikiwa motoni, simu ikalia. Mkuu.

Sauti haikuwa tena ya kupuliza chai. "Dada yangu," akasema. Hajawahi kumwita dada. "Dada yangu, wamenisimamisha. Nakuomba uzungumze na mama yule. Mwambie ilikuwa utani wenu. Mimi nina familia."

"Familia yako iambie umesafiri."

"Usinifanyie hivyo. Nilikosa, ndiyo. Lakini mtu unabanwa, dada, huwezi kuwa mahali pawili. Angalau usinichafue, maneno yasifike kule kwingine, nisije nikaikosa na ile ya pili."

Sikio alikuwa anakoroga sufuria. Mwiko ukasimama. "Ile ya pili?"

Mkuu akaanza kukohoa, kisha kueleza, na kila alivyoeleza alizidi kujichimbia. Ni mambo ya bima tu, ya muda tu. Nako watu wanapokea simu wakiwa majumbani kwao, walihitaji mtu mwenye uzoefu wa kuwasaidia wawe na umakini.

"Na huko wakikuita, nani anaitika?"

Simu ikakatika.

Baba alikuwa anasikiliza kutoka kwenye kiti chake. "Ndiye?"

"Ndiye."

"Mwache, mwanangu. Umeshampiga, kazi umebaki nayo. Yamekwisha."

Sikio alizima jiko, akamwekea mzee chakula, akamnyanyua kichwa, akamlisha tonge la kwanza na la pili, akamfuta mdomo pale palipobaki kovu. Mikono yake ilikuwa laini kabisa. Uso wake haukuwa laini.

"Yako yamekwisha, baba," akasema. "Yangu bado."

Akampigia Mama Pacha. Wifi yake Mama Pacha anapokea simu za bima akiwa nyumbani. Sikio alikumbuka, maana aliwahi kumsikia akilalamikia msimamizi mpya anayewavalisha viatu mezani. Akapewa namba. Ikaita mara moja, ikapokelewa na sauti ya mwanamke inayonong'ona haraka haraka, kama mtu aliyejificha chooni.

"Nani? Sema upesi, dada, nikikaa sana mbali na meza nitaadhibiwa."

"Hunijui," Sikio akasema, "lakini msimamizi wenu namjua mimi. Vuta pumzi. Kwanza niambie: na ninyi, anataka mumwiteje?"